Futi Nayo Imekua

...na sasa daktari katoka na karatasi zake, kasema nakuja sasa hivi, na "sasa hivi" ya madaktari yeye fundi cherehani anaijua, inaweza kuzaa wajukuu, lakini haya, akae, kando ya kitanda kile cha hospitali, na juu yake binti yake wa miaka sita anaitazama taa bila kupepesa macho... mbona hapepesi? ah, kapepesa, afadhali, Bi Maswali huyu, ndivyo wanavyomwita nyumbani, hata mafua hayakumnyamazisha, siku tano za homa na kikohozi, kisha homa ikashuka, mama mtu akapumua, akarudi kwenye cherehani yake, ndipo mtoto akasema mama, mkono wako umekuwa mkubwa, kichwa chako kimekuwa kidogo, naye akacheka, loo, alicheka kweli, hizo mbinu za kukwepa shule, kwani mimi nimezaliwa jana? akaitoa futi yake ya kupimia shingoni, akaizungusha kiganjani, haya soma hapo, na mtoto akasoma sawasawa, inchi saba na nusu, sasa kimekua wapi? na yule, taratibu, futi nayo imekua, mama... Siku mbili! siku mbili nzima anampimia, mlango, kikombe, kichwa chake mwenyewe, anabishana naye kama mteja aliyenenepa anayesema suruali imekosewa, mpaka leo daktari alipouliza ameanza lini, aibu ikamjaa. Kwa watoto wachache mafua hugusa ubongo, mama, akaeleza daktari, mara nyingi hupita, tunachoogopa ni ubongo kuvimba, akipata degedege au akishindwa kukutambua, niite mbio... ndiyo maana kila dakika anauliza, mimi ni nani? na mtoto, si mama? kwani umejisahau? Lakini mafua, jamani, haya haya ya kupenga kamasi, yamepitia wapi mpaka yakafika mahali pa kupimia vitu, na kumbe mahali hapo papo, kila mtu kazaliwa napo kichwani, na yeye miaka kumi na minane anapima mabega ya watu hajawahi kuwaza...

"Mama, sogea."

"Si nimekushika mkono?"

"Uko kule."

Niko hapa, alitaka kusema, tena kwa ukali, maneno yalishafika mdomoni, akayameza... kule wapi? safari hii anataka kujua kweli. "Kule mwisho, umekuwa mdogo kama kifungo cha shati." Na ukuta? "Unarudi nyuma." Unarudi polepole au haraka? "Polepole, unanisubiri." Ajabu hii, nyumba nzima ya ajabu, na mwanawe kaishi humo siku mbili peke yake... unaogopa?

"Naogopa ukiondoka sitajua. Maana tayari uko mbali."

Moyo ukampasuka, akauliza, na sauti yangu je, nayo imekuwa ndogo?

Mtoto akafikiri. "Hapana. Sauti iko hapa hapa."

Basi akaanza kusema, lolote lililomjia, taa ina vumbi, muuguzi ana viatu vya kijani, mlango bado umefungwa, daktari hajarudi, akaendelea kusema.