Punje Zisizong'aa

Mkono wangu una kiherehere, sikatai. Miaka miwili kazi yangu pale maabara ilikuwa hiyo hiyo: washa taa ya buluu, vaa miwani ya rangi ya chungwa, tazama punje za mpunga. Inayong'aa kijani, weka, isiyong'aa, tupa. Ule mng'ao ni alama tu. Daktari, bosi wetu, aliupachika pamoja na mkasi wake wa kukatia jeni, ili tujue mkasi umeingia kwenye mmea upi.

Jumatatu akanipa punje sitini za mche mmoja, mche pekee uliostahimili ugonjwa baada ya miaka minne ya kuhangaika. Nikazichambua chapuchapu, nikatupa kumi na nne, nikajisifu.

Saa nne akaingia na tabasamu la hadi jino la mwisho. "Zisizong'aa umeziweka wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ijumaa alishatuambia kwamba mkasi umemaliza kazi, sasa tunataka watoto wa mche huo waliorithi kinga bila mkasi wala mng'ao wake. Mimi nilikuwa naitikia tu, akili iko wikendi. Nikatoka mbio.

Taka zetu huchemshwa kwa mvuke na wifi yangu, dada wa mume wangu, ili isibaki punje ya kuota. Nilimkuta ameshafunga mlango wa mtambo, mshale wa joto umeanza kupanda. Nikauzima mwenyewe. Akanifokea, eti nyumbani namwamuru, na kazini pia? Nikamwambia tugombane baadaye, anishikie mfuko. Tukachambua taka sakafuni, punje moja moja, zina uvuguvugu, mpaka zikatimia kumi na nne. Daktari alisimama mlangoni akituhesabia.

Tukazipanda. Siku tano chakula hakikupita, jamani. Siku ya sita zikachomoza tisa! Daktari akapima kipande cha jani la kila mche: kinga ipo. Kisha tukaimulika mizizi kwa taa ya buluu.

"Hakuna," alisema Daktari. "Hata mmoja haung'ai."

Nikapiga vigelegele. Daktari akanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Wifi akaja mbio na glavu zake, akainama, akachungulia weee.

"Mbona mimi sioni kitu?"

"Ndicho tulichokuwa tunakitafuta, wifi," nikamwambia, machozi yananitiririka.