Sabuni ya Chai na Satini ya Harusi

Dereva alikuwa na miezi minane tangu astaafu, na katika miezi hiyo alikuwa ameanza mambo saba bila kumaliza hata moja. Banda la kuku lilikuwa na kuta tatu. Redio ya sebuleni ilikuwa imefunguliwa matumbo na kuachwa mezani, kama mgonjwa ambaye daktari wake ametoka kwenda kunywa chai. Mtaani walimwita Breki, jina alilopewa na madereva wenzake kwa sababu, walisema, lori lake lilikuwa na breki, yeye mwenyewe hakuwa nazo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na shida ilianzia mikononi mwake. Ngozi ya vidole ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Daktari alimwambia aache sabuni za manukato, akaziacha. Akajaribu nyingine tatu za dukani, kila moja ikamchoma kuliko iliyotangulia. Kwa mapazia na suruali za shule haikuwa neno, maana kitambaa kigumu hakijali mkono mgumu. Lakini mezani kwake palikuwa na jora la satini nyeupe, ya gauni la harusi la mjukuu wao, na kila alipopitisha kiganja, ngozi ilinasa uzi na kuuvuta. Krrr. Na satini ikishavutwa uzi, imeharibika, hakuna pasi itakayoituliza.

"Zimebaki wiki tisa," alimwambia mumewe asubuhi moja, akikikunja kitambaa kwa ncha za kucha. "Nangoja mpaka wiki ya saba. Mikono ikiwa bado hivi, gauni nampelekea fundi wa pale kona."

"Yule anayeshona mikono yote miwili ya kulia?"

"Huyohuyo. Unadhani napenda?"

Hakupenda. Tangu mjukuu akiwa na meno ya utoto, bibi yake alikuwa akimwambia, "Mke mwenzangu, siku yako nitakushonea mwenyewe, asikuguse fundi mwingine." Breki alilijua hilo. Alijua pia kwamba kwa miaka thelathini na tano mambo mengi ya nyumba ile mkewe aliyamaliza peke yake, yeye akiwa njiani.

Basi akavuka ua hadi kwa jirani, mwalimu mstaafu wa kemia, mama mfupi mwenye sauti ya kupanga watoto foleni. Zamani Mwalimu alikuwa akitengeneza sabuni ya chai ya kijani na kuwagawia majirani, na mikono ya fundi haikuwahi kuilalamikia. Siku hizi macho yalikuwa yamemchoka, hathubutu tena kushika kostiki soda, ile chumvi kali inayounguza ngozi.

"Kuitengeneza si kazi, shemeji," alisema Mwalimu. "Kazi ni kungoja. Chai unaichemsha, unaichuja, unaigandisha iwe barafu. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye chai. Usije ukamwagia chai juu ya kostiki, itakurukia usoni. Halafu mafuta ya nazi na ya zeituni. Kila kitu kwenye mizani, gramu kwa gramu! Ukishamimina, kesho yake unakata vipande, unavipanga rafuni, unavigeuza kila siku, wiki nne."

"Wiki nne? Mimi kwa wiki nne nilikuwa nakwenda mwisho wa barabara na kurudi."

"Ndiyo maana nakuuliza. Utaweza kukaa?"

"Shemeji, unaongea na mtu mzima."

"Hujanijibu," alisema Mwalimu, akampa karatasi ya vipimo.

Kesho yake Breki alivaa glavu na miwani ya plastiki, akafungua madirisha ya jiko la nje, akaanza. Vipande vya barafu ya chai vilikuwa na rangi nzuri kama nyasi changa. Alipotia kostiki, vikayeyuka kwa mvuke, na ile rangi ya kijani ikageuka kahawia, kahawia ya oili iliyopitwa na muda. Akatoa macho. Akapiga kelele ng'ambo ya ua, "Shemeji! Imekuwa oili chafu!"

"Ndivyo inavyokuwa!" sauti ikajibu. "Ulitaka mchicha? Koroga!"

Akatia mafuta, akakoroga. Alikoroga dakika ishirini, akakoroga arobaini. Karatasi ilisema uji utakuwa mzito mpaka mwiko uache alama, lakini mwiko haukuacha alama yoyote isipokuwa begani kwake. Hapo ndipo udereva ulipomponza. Maisha yake yote, injini ikionekana kupungukiwa oili, unachomoa kijiti, unatazama, unaongezea kidogo. Hupimi, unaongezea tu. Akachukua kijiko, akaongezea kostiki. Akakoroga. Akaongezea kijiko cha pili.

Baadaye uji ulishika. Akajiona bingwa.

"Umepima vizuri?" mkewe alimuuliza jioni.

"Gramu kwa gramu," akasema Breki, na kwa kuwa kweli mwanzoni alipima, hakuona kama amedanganya sana.

Wiki mbili zikapita. Akavigeuza vipande vyake kila asubuhi, na mtaa mzima ukajua. Siku Mwalimu alipokuja kukagua, alikisogeza kimoja karibu na pua mpaka miwani ikaguswa.

"Hivi vidoa vyeupe ni vya nini?"

Breki akatazama dari.

"Gusa kwa ncha ya ulimi, shemeji."

"Nilambe sabuni?"

"Nzuri haina neno. Mbaya itajieleza yenyewe."

Breki akajikaza kisabuni, akatoa ulimi. Ikamchapa kama betri. Akaruka nyuma, akakumba ndoo, akatema mate, akakimbilia bomba kusukutua. Alipopata pumzi akainua macho rafuni, akahesabu. Alikata vipande kumi na viwili. Vilivyokuwepo, pamoja na kile cha mkononi mwa Mwalimu, vilikuwa kumi na kimoja.

Sijui kama aliwahi kukimbia hivyo tangu ujana. Alimkuta mkewe kwenye beseni, bomba limefunguliwa, mkono mmoja umelowa, kipande cha sabuni kwenye mwingine.

"Acha! Weka chini!"

"Una nini wewe? Nilitaka kuijaribu mapema tu."

Akampokonya. Maji yakaendelea kumwagika bure.

Hapo angeweza kusema kostiki ya dukani ilikuwa mbovu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tena mdomo wenyewe ulikuwa bado unawaka.

"Niliongezea," akasema. "Vijiko viwili. Ilikuwa haishiki."

"Uliniambia gramu kwa gramu."

"Nilipima. Halafu nikaongezea."

Mwalimu alikuwa amefika mlangoni akihema. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mke hakucheka. Alifunga bomba, akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayehesabu.

"Zimebaki wiki tano kufikia ya saba," alisema. "Nne za kukomaa, moja ya kunawa. Lete mizani. Nitasoma mimi. Wewe utamimina, na mkono wako usijifanye una akili."

Wakaanza upya siku hiyohiyo. Mke alisoma gramu kwa sauti kama mtu anayemsomea mtuhumiwa mashtaka. Safari hii walikoroga kwa zamu, saa nzima na robo, na uji ukashika wenyewe bila kuongezewa kitu.

Wiki ya tatu ya kungoja, lori lilisimama mbele ya nyumba na honi ikalia. Dereva mwenzake wa zamani akachungulia dirishani.

"Breki! Utingo wangu anaumwa. Siku kumi tu, kwenda na kurudi. Panda!"

Mguu wa Breki ulikuwa kwenye ngazi ya lori kabla yeye mwenyewe hajauamuru. Injini ilikuwa ikiunguruma vizuri, dizeli ikinukia kama zamani.

"Siwezi," akasema, akiushusha mguu kwa taabu. "Nina sabuni."

"Una nini?"

"Sabuni. Zinageuzwa kila siku."

Mwenzake alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa, akaondoka zake.

Vipande vilipotimiza wiki nne, Breki alilamba vitatu: cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho. Kimya. Mke akanawia wiki nzima, akijipaka mafuta ya nazi kila akimaliza. Mikono haikurudi ya msichana, na mpasuko mmoja wa kidole gumba uligoma kabisa kufunga. Siku ya ahadi ikafika. Akakunjua satini, akafunga plasta kidole gumba, akapitisha kiganja toka ukingo hadi ukingo. Breki aliacha kupumua ili asikie.

Hakikusikika kitu.

Mke akapitisha tena. Kisha akachukua mkasi mkubwa, akakata.

"Sasa njoo hapa," alisema baadaye, pini mdomoni. "Mjukuu wako yuko mbali, na kimo chake ni kama chako. Vua shati."

"Mimi? Mama, majirani…"

"Zimebaki wiki mbili. Inua mikono."

Mwalimu alipopita kuuliza habari, alimkuta mzee wa malori amesimama juu ya kiti, satini nyeupe imemfunika toka mabegani hadi miguuni, hathubutu hata kukohoa.

"Shemeji," alisema, "umependeza."

"Asigeuke," alisema fundi, amepiga magoti sakafuni akipitisha vidole kwenye pindo. "Mwambie lolote, ila asigeuke."