Fukusi wa Kwapmei

Gugu lilipofunga ziwa la kijiji chao, kando ya mto Sepik, Kwapmei hakutulia tena. Majani madogo yalielea yakishikana kama zulia, na mtumbwi ukiingia humo unanasa. Wanawake hawakuweza kutega nyavu. Bila samaki, hawakuwa na cha kubadilishana na wanawake wa msituni wenye sago, mitende inayotoa unga wa chakula, na nyumbani kwake watoto walikuwa wanalala nusu shibe.

Dada yake, Miat, aliyeolewa kwenye ziwa la upande wa chini wa mto, alimletea habari: kwao wataalamu wa serikali walimwaga fukusi wadogo weusi, na gugu linaoza na kuzama. Wataalamu waliahidi kufika kwa kina Kwapmei pia, lini hakuna aliyejua. Kwapmei hakungoja. Alikwenda kwa dadake, akarudi na gunia la gugu lenye fukusi.

Mumewe, Koliuan, aliingiwa na hofu. Mdudu anayekula hili, alisema, kesho atahamia kwenye sago.

"Mama Kubeli, umetuletea njaa ya pili."

"Ya kwanza tumeshaizoea," akajibu, akachukua upondo.

Kwa taabu alisukuma mtumbwi hadi katikati, akamwaga gunia. Kila kulipokucha alikuwa huko akipekua majani. Hola. Wanawake wenzake wakamuuliza kama wageni wake wameaga. Akarudi kwa Miat akidhani amewaua.

Miat akamwonyesha. Kwao gugu lilianza kuoza pale wanapotumbua samaki na nguruwe wanapogaagaa, ambako lilikuwa laini, la kijani kibichi. Katikati, lilikokuwa la manjano na gumu, fukusi walichelewa sana kushika. Kwapmei akakumbuka kwamba gunia lake alilimwaga penye manjano matupu.

Akarudi na gunia la pili, akalimwaga majini chini ya banda la nguruwe. Safari hii majani yakageuka kahawia, kwanza upana wa mkeka, kisha wa nyumba. Ziwa likanuka vibaya. Koliuan alikagua mitende yake michache ya sago kila asubuhi, asione fukusi hata mmoja. Hatimaye maji meusi yakaonekana, na nyavu zikarudi majini.

Sasa Koliuan ndiye akawa na bidii ya kung'oa masalia. Alasiri moja Kwapmei alimkuta kwenye matete akiburuta fungu la mwisho kwenda nchi kavu. Akaingia majini hadi kiunoni, akalishika.

"Leo unalinda gugu?"

"Baba Kubeli, hawa hawana makazi mengine. Ukilimaliza wanakufa, na mto ukileta jingine tutaanza na nini?"

Koliuan akaacha kuburuta. Akalirudisha, akachomeka vijiti viwili kulizuia.

Mvua za milimani zikashuka, mto ukafurika, na mfereji unaounganisha mto na ziwa ukaingiza gugu jipya. Kwapmei alikuwa tayari mtumbwini, akilimegua lile fungu vipande vipande na kuvitupa kwenye mlango wa mfereji, asijue kama fukusi watatosha.