Mikono Themanini ya Kushoto

Nianze na kosa lenyewe, maana pale karakanani kila mtu analisimulia anavyotaka.

Kaka yangu ni mkataji. Kwenye karakana yetu ya nguo washonaji tuko wengi, mkataji ni mmoja. Yeye ndiye anayetandika kitambaa mezani, tabaka arobaini, zote uso juu, kisha anaweka kielelezo cha karatasi na kuchora mkono wa koti. Akimaliza anaigeuza karatasi ile, uso wa juu unakuwa wa chini, anachora tena. Asipoigeuza hapati mkono wa kulia. Kwa miaka ishirini amefanya hivyo bila kufikiri, na hajawahi kukosea hata upana wa uzi. Tunamwita Milimita.

Jumatatu hakuigeuza. Niliunga mkono wa kushoto kwenye koti la sare ya mlinzi, nikachukua wa pili, nao ukawa wa kushoto. Nikafungua furushi zima. Mikono themanini, yote ya kushoto.

"Amelewa huyu," mwenye karakana akasema mbele ya watu wote. "Keshokutwa anipe maelezo. Kama hana, atoke kwenye meza yangu."

Amelewa! Kaka yangu, ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa mara tatu kabla ya kuimeza. Nilitaka kumrushia yule bwana cherehani, na isingekuwa nzito ningemrushia.

Lakini niseme ukweli, na mimi ni mmoja wa waliomdhania vibaya. Mwaka mzima nimekuwa nikimkaripia. Akiacha maneno katikati, nasema ananidharau. Akiuliza jambo lile lile mara tatu, nasema anajitia hamnazo. Akisimama na chaki mkononi akitazama kitambaa, nasema ni uvivu tu. Na mimi ndiye pekee pale kazini niliyejua kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na kwamba kwa miaka tisa hajakosa kidonge hata siku moja. Nilijua yote hayo, na bado nikamwita mvivu.

Jumanne nikampeleka kliniki. Muuguzi akafungua faili, akatabasamu.

"Virusi havionekani kwenye damu. Hongera, baba. Anayefuata!"

"Anayefuata atasubiri," nikasema. "Mwaka jana hongera, mwaka huu hongera. Mtu anapotea mbele ya macho yenu, nyie mnampigia makofi?"

Kaka akanivuta gauni. "Mdogo wangu, basi."

"Hakuna basi." Nikatoa mikono miwili ya koti kwenye mkoba, nikaibwaga juu ya faili. "Haya, mvalishe mtu hii."

Kelele zangu zikamtoa daktari chumbani kwake, mama mwembamba mwenye miwani juu ya kichwa. Hakunifokea. Aliitazama ile mikono, akailaza sambamba, akatuita ndani.

Akampa kaka maneno matano ayashike kichwani. Kisha akampa karatasi yenye namba zilizotapakaa, aziunganishe kwa mstari, moja hadi mbili, mbili hadi tatu. Mtu anayekata kola kwa jicho tupu, penseli yake ikakwama kwenye nne. Na yale maneno, alikumbuka mawili. Akanitazama kama anayeomba radhi, nami nikatamani kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani.

"Dawa zinafanya kazi," daktari akamwambia. "Zimevibana virusi. Lakini viliingia kwenye ubongo zamani, kabla hujaanza dawa, na askari wa mwili walioko huko wakaamka kupigana. Kwa watu wengine askari hao hawatulii hata adui akishabanwa. Ubongo unabaki na mwako wa chini chini, na mwako huo unaziumiza seli za kumbukumbu na umakini. Si uvivu, si ulevi, wala si wazimu."

"Atapona?" nikauliza.

"Sitawadanganya. Tutapima kama kuna sababu nyingine inayotibika, tutaangalia kama dawa zibadilishwe. Wengine hupata nafuu, wengine hubaki hapo hapo. Vidonge asiache, akiacha atazidi kuumia."

"Na mbona hamkumuuliza kichwa chake kikoje, hata siku moja?"

Akashusha miwani. "Tunaangalia namba ya virusi, foleni ni ndefu. Una haki ya kukasirika, dada."

Nikamwambia haki abaki nayo, mimi nilimtaka kaka yangu.

Akatuandikia barua: ana tatizo la kumbukumbu, asaidiwe kazini. Virusi hakuvitaja. Lakini juu ya karatasi kulikuwa na jina la kliniki, na mji mzima unajua kliniki ile inatibu nini.

"Siionyeshi," kaka akasema njiani.

"Ndiyo itakayokuokoa."

"Umemsahau mpiga pasi?"

Sijamsahau. Ilipojulikana kwamba naye ana virusi, hakuna aliyemfukuza. Kikombe chake tu kikaanza kukaa peke yake dirishani, na watu wakawa wanafuta kiti kabla ya kukikalia. Mwezi haukuisha akaondoka mwenyewe. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakufanya kazi na watu wale.

Jumatano mwenye karakana akasimamisha mashine zote. "Haya, Milimita. Ulilewa, hukulewa?"

Nilikuwa nimeshainuka, barua iko mkobani, mdomo umejaa maneno. Kaka akanitazama, macho makavu, akili yake yote imerudi, akanitikisia kichwa kunikataza.

"Nililewa, bosi," akasema. "Nisameheni."

Wakacheka. Kicheko chema, cha watu waliotua mzigo. Fundi wa vifungo akampiga begani. "Kumbe na wewe! Karibu duniani." Bosi mwenyewe akacheka. "Pombe inaachwa, bwana. Dada yako awe anakagua kabla hujakata. Ila ukirudia, tusijuane."

"Nitaacha, bosi," kaka akasema.

Wakarudi kwenye cherehani zao wakimpenda kuliko jana. Nami nikakaa kwenye yangu, barua yake bado mkobani, nikiwachukia wote, mmoja mmoja, kwa kumsamehe upesi hivyo dhambi asiyoitenda.