Makopo Yasiyouzwa

Lamis alitema kijiko cha tatu cha uji, na ule uji ulikuwa na damu. Mamake, Mejumaa, alimpangusa midomo kwa kitambaa alichokichemsha asubuhi. Tangu binti arudi kutoka India alikopandikizwa uboho wa mifupa, kinywa chake kilikuwa vidonda vitupu. Daktari alisisitiza apewe maziwa maalumu ya unga, ya msaada, yanayotolewa bure hospitalini.

"Yamekwisha, Mama Lamis," Caroline, afisa wa lishe, alimwambia kwa mara ya nne, macho kwenye simu. "Mpe supu. Na usinijie kila wiki kana kwamba nimeyaficha mimi."

Siku hiyohiyo, akipita nyuma ya jumba la mazoezi karibu na barabara ya Ndia Kuu, Mejumaa aliona rundo la makopo matupu, kila moja na muhuri mwekundu wa hospitali: HAIUZWI. Ndani, vijana wa vifua vipana walikuwa wakiyakoroga maziwa yale vikombeni.

"Wayapata wapi?" alimuuliza Elvis, mwenye jumba.

"Kwa Madamu Caroline. Wataka na wewe?"

Mejumaa aliomba gunia, akayatia yale makopo matupu. Hakulia. Alichokitaka sasa ni kumwona Caroline akikosa pa kuuficha uso.

Kazi yake ilikuwa upishi wa shughuli, na wiki ile hospitali ilikuwa ikifungua chumba kipya cha lishe. Biriani aliagizwa yeye. Adhuhuri wageni wakaketi, mkurugenzi katikati, Caroline ubavuni pake, kajipamba. Kila sahani ya meza kuu ilikuwa imefunikwa kawa.

"Bismillahi, karibuni," Mejumaa alisema. "Ni chakula cha mwanangu."

Wakafunua. Kila sahani kopo tupu, muhuri juu. Uso wa Caroline ukasawijika. Mejumaa alimkazia macho, akasikia utamu moyoni ambao hakuusikia tangu Lamis augue.

Mkurugenzi aligeuza kopo lake taratibu, akausoma muhuri, kisha akalifunika tena.

"Athmani," alimwita askari wa langoni, "mtoe mama huyu. Na hiyo biriani iliyoko jikoni iletwe."

Jumatatu Mejumaa alimpeleka Lamis kliniki. Caroline alikuwa palepale mezani pake.

"Jina la mgonjwa?"

"Wamjua."

"Jina?"

Mejumaa akalitaja. Caroline alipekua daftari, kurasa mbili tu, akalifunga.

"Hayumo."

Nyuma yao Lamis alikuwa kashapanda mizani, kajishika ukutani asianguke, akingoja mtu aje amsomee uzito.