Galaksi Aliyoiomba Violet

Leah alifundisha fizikia Itumba. Kila Jumamosi alishuka Tunduma, akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kumwona mdogo wake Violet, aliyeolewa huko. Violet alikuwa na saratani. Siku walipoishiwa maneno ya kufarijiana, Leah alimwonyesha kwenye simu habari za darubini zinazojiendesha zenyewe, kule jangwani nchi ya mbali. Unaandika unachotaka kupigiwa picha, unakaa foleni, darubini inasubiri anga litakate, kisha unatumiwa picha.

Tangu hapo Violet ndiye aliyechagua. Picha zilikuja nyeusi na nyeupe, kadhaa za kitu kimoja; Leah aliziunganisha kwenye kompyuta ya shule mpaka rangi zitokee, akazichapisha stesheneri ya Tunduma, akampelekea.

Mwezi wa Agosti Violet akaomba galaksi moja iliyolala ubavu, nyembamba kama sindano. Jibu likarudi: mawingu. Wakaomba tena. Mawingu.

"Isije ikachelewa, dada," Violet alisema, sauti imemkauka.

"Itakuja."

Violet alizikwa Jumanne, wiki ya pili ya kuingoja. Ijumaa ya wiki hiyohiyo picha ikaingia, safi kuliko zote. Leah aliitazama ofisini mpaka kengele ikalia mara mbili, na darasani hakwenda.

Kesho yake aliichapisha, akavuka nayo. Clement, mume wa marehemu, aliipokea, akaitupia jicho mara moja, akamrudishia.

"Siwezi, shemeji. Wapelekee wale wa hospitali."

"Wa hospitali gani?"

Clement alimtazama kwa mshangao. "Kumbe hakukwambia? Kila alipolazwa alikwenda nazo, akawagawia wenzake wodini. Hapa nyumbani haikubaki hata moja."

Leah alikwenda. Ukutani, juu ya vitanda vya wanawake, aliziona kazi zake zote zimebandikwa kwa plasta, moja moja, kila mgonjwa na yake. Kitanda cha mwisho ukuta ulikuwa mtupu. Mama aliyekilalia, amebaki mifupa, alijiinua kwa kiwiko.

"Wewe ni dada yake Violet, mmefanana. Mimi Tabita. Aliniahidi ile ya sindano."

Leah akampa. Tabita aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Mbona hakuja mwenyewe?"

Leah akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia. Tabita hakulia. Aliiweka picha kifuani, akageukia ukutani, akaushika mkono wa Leah, na hakuuachia mpaka nesi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.