Jina la Sita Juu ya Mlango

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa bado halijaachia dirisha. Rehemah, aliyekuwa kitandani akimnyonyesha mtoto mchanga, aliijua sauti hiyo mara moja: kitambaa kibichi chenye majivu, kikipita juu ya ubao. Kwa miaka mitatu ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kila Ijumaa kabla ya adhana alisugua kila kitu cha mbao ndani ya nyumba ile, kama mama yake alivyomfundisha kwao Koboko, maana wanawake wa Kinubi wakikutembelea hutazama kwanza mbao zako.

Alimlaza mtoto, akatoka mbio hadi verandani. Binti yake Medina, wa miaka sita, alikuwa amesimama juu ya debe, mikono imefika juu ya mlango.

"Acha, mwanangu. Huo ubao uache."

"Leo Ijumaa," alisema Medina. "Na mgeni anakuja. Nakusaidia."

Rehemah akamshusha na kumkumbatia, hata Medina akashangaa kukumbatiwa hivyo kwa kazi aliyokatazwa.

Ilikuwa mwaka 1977. Nyumba ile ya mawe, yenye bati jekundu lililoonekana tangu barabara ya Arua, watu waliiita Nyumba ya Mkuu. Ndimo walimokaa wakuu wa chuo cha ualimu, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho gari la askari lilimchukua asubuhi moja ya 1973, halikumrudisha. Mkewe alipewa siku mbili za kuhama. Mwaka uliofuata jeshi likampa nyumba dereva wake Hamuza, naye akamleta mkewe Rehemah kutoka Koboko juu ya lori, Medina mapajani.

Wakati huo Rehemah hakujua kusoma hata herufi moja. Juu ya mlango wa veranda aliona ubao mrefu uliochongwa mistari, akadhani ni mapambo. Chini ya mistari hiyo palikuwa na madoa meupe, na mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota pale pale juu. Akasema, ndege hawa hawana adabu kabisa. Akachota majivu.

Kisha akaanza masomo ya jioni ya watu wazima huko Mvara. Siku alipoweza kuunganisha herufi, alisimama chini ya ubao ule akasoma: WAKUU WA CHUO. Majina matano yalikuwa yamechongwa, kila moja na miaka yake. La sita halikuchongwa, lilipakwa rangi nyeupe tu. Katika hilo ilibaki N, na kipande cha herufi nyingine. Hakumwambia mtu.

Mwezi uliopita mwalimu wao, Enoch, aliwataka waandike historia ya nyumba wanayoifahamu. Rehemah aliandika kurasa nne. Hamuza alimchungulia begani.

"Profesa wangu, usinisahau. Andika: hapo akaingia Hamuza, choo kikazibuka."

Alicheka, naye Rehemah akacheka, uso ukiwaka. Mwalimu Enoch aliposoma aliuliza swali moja tu: wa sita ni nani? Kisha akaulizia, akapeleka salamu Kuluva, kwa mjane wa huyo wa sita, aliyekuwa akishona mashuka hospitalini.

Mjane huyo, Elena, alifika saa nne, viatu mkononi. Kipandio cha tatu cha ngazi kilikuwa kimevunjika tangu zamani, na Elena alikiruka bila kutazama chini. Rehemah aliona. Akamvutia kiti. Elena alipapasa mkono wa kiti, polepole, ndipo akaketi.

"Enoch anasema unaandika hii nyumba, binti yangu."

"Kidogo tu, mama."

"Andika vizuri. Natale Kenyi. Mimi sina kaburi yake. Watoto wananiuliza, baba iko wapi? Nawaambia, jina yake iko juu ya ule mlango. Sasa nimekuja kuona, nirudi niwaambie nimeona."

Alifungua fundo la leso, akatoa miwani, akainuka.

Maneno Rehemah alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga tangu jana, nisamehe mama, sikujua kusoma, mpaka akayaandika nyuma ya daftari. Elena alihesabu majina kwa kidole, akafika mwisho.

"Iko wapi?"

"Mvua, mama," alisema Rehemah. "Mvua ya huku, na upepo."

Elena akatazama paa la veranda, lililotoka nje hatua nne. Miaka miwili alikuwa ameanika nguo hapo masika yote, na hakuna hata moja iliyolowa.

"Mvua," alisema. Akakunja miwani. "Basi walirudi. Walimchukua mwenyewe, wakaona haitoshi, wakarudi kufuta jina. Nitawaambia watoto nini?"

Rehemah alifuta chozi la aibu kwa ncha ya kanga. Elena alikuwa tayari ameinama kuchukua viatu vyake, mgongo wake ukionekana mdogo kuliko alipopanda ngazi.

Medina, majivu yakiwa bado kwenye kucha, akamshika bibi yule sketi.

"Bibi, ni sisi tuliosugua, tulifikiri ni mavi ya ndege."